Mwalimu na Binti wa Kitabuni

Mwalimu alikuwa na baiskeli nzuri kuliko ya mtu yeyote pale Shanwe, hapa Mpanda, na alikuwa haipandi. Aliisukuma. Asubuhi anaisukuma kwenda shule, jioni anaisukuma kurudi, watoto wamemzunguka kama kuku wanavyomzunguka mwenye debe la pumba, wengine wameshika karia, mmoja anapiga kengele bila sababu. Mimi ni fundi baiskeli, kibaraza changu kiko Kashaulili karibu na soko, kwa hiyo habari hiyo niliijua hata bila kumwona njiani. Tandiko lake lilibaki jipya miaka yote, lakini mpira wa usukani upande wa kushoto ulikuwa unalika kama umetafunwa na panya, maana huko ndiko alikokuwa anaegemea wakati wa kusukuma. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, hii si baiskeli tena. Huyu ni mbuzi wako unamtembeza."

Akanijibu, "Nikipanda nitawaacha watoto. Na nikiwaacha watazungumza mambo ya maana bila mimi."

Nimeanza na baiskeli kwa sababu hapo nina uhakika. Shule yangu iliishia la saba. Huwa naandika siku zangu kwenye madaftari, kwamba mvua imenyesha, fulani amefiwa, spoki zimeadimika, basi. Kuandika habari za mtu mzima sijawahi, na nimeshaanza hii mara nyingi nikaacha. Alikozaliwa Mwalimu sikujui vizuri, na ukoo wake si kazi yangu. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Wapo watu hapa Mpanda wakilisikia jina lile wanaanza kubishana kabla hata chai haijamiminwa, na mimi nataka atazamwe kwanza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa. Miwani yake ilikatika mkono mmoja, nikaufunga kwa waya wa breki, akaivaa hivyo hivyo mpaka alipohama. Darasani, watoto wanasema, sauti yake ilifika mpaka kwa mama muuza maandazi ng'ambo ya barabara. Sokoni alikuwa ananong'ona. Akija kununua nyanya inabidi muuzaji ainame kama anaungamisha. Sijui ni kwa nini. Mke wangu anasema alikuwa na haya ya watu wazima, kwamba watoto tu ndio aliokuwa hawaogopi. Inawezekana.

Na ng'ombe. Aliogopa ng'ombe kupita kiasi. Miaka ile ndugu zetu Wasukuma walikuwa wanaingia na mifugo mingi, makundi yanakatiza mjini vumbi mpaka juu, na Mwalimu akiona pembe tu anaacha baiskeli barabarani anakuja kujificha nyuma ya meza yangu ya kazi. Kijana mmoja mchungaji alimwona akamtania, "Mama, hawa hawajui kusoma, hawatakuuliza kitu!" Mwalimu akamjibu kutoka chini ya meza, "Ndiyo maana nawaogopa!" Watu walicheka soko zima. Yeye mwenyewe alicheka, lakini hakutoka mpaka mkia wa mwisho ulipopita.

Nisimpambe lakini. Alikuwa anachapa. Mtoto akichelewa alichapwa. Akikosea jibu hakuchapwa, na hilo lilikuwa geni kwetu, maana walimu wengi wakati ule walifanya vyote viwili. Milembe, mtoto wangu wa kwanza, aliyesoma kwake darasa la sita, alichapwa kwa kuchelewa zaidi ya mara moja. Mara moja alistahili, nilimwona mwenyewe akicheza mdako njiani. Mara nyingine alikuwa amechelewa kwa sababu mimi nilimtuma solusheni ya kuzibia pancha dukani. Nilikwenda kumweleza Mwalimu. Alisikiliza, akasema, "Basi ningekuchapa wewe, Baba Milembe, ila sina fimbo ya saizi yako." Hakuomba radhi. Kesho yake Milembe akarudi na ndizi mbili kutoka kwa Mwalimu. Sasa hiyo ni radhi au si radhi? Mpaka leo sijaamua.

Kile kitabu alichokuwa anawasomea watoto sikuwahi kukishika, ninachokijua ni kupitia kwa Milembe. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata jina lake hakuna aliyelijua. Kilikuwa cha Kiingereza. Ijumaa, baada ya usafi, Mwalimu alikifungua akawa anawasomea kwa Kiswahili moja kwa moja, anatafsiri palepale. Kilikuwa kinaeleza habari za binti wa mpima ardhi, katika nchi moja ya baridi. Baba yake alikuwa na kambi porini, binti akatoka kufuata matunda, akaipoteza kambi. Hadithi yote ni yeye alivyoishi humo mpaka alipopatikana. Watoto walipouliza theluji ni nini, Mwalimu alifikiri kidogo akawaambia ni mvua iliyokataa kulowesha. Milembe alinihadithia hilo akiwa ameshika ugali mkononi, bila kuutia mdomoni.

Ndani ya kitabu yule baba alikuwa amemwambia binti yake, kabla ya yote: "Ukipotea, kaa hapo hapo. Wewe kaa. Mimi ndiye nitakayetembea." Binti akakaa. Akajenga kibanda, akafunga kitambaa juu ya mti, na baba akatembea mpaka akamfikia.

"Baba," Milembe akaniuliza, "ingekuwa ni wewe ungekuja?"

"Ningekuja na baiskeli," nikamwambia.

"Porini? Na miiba yote ile? Ungeziba pancha mpaka nizeeke!"

Mama yake akacheka mpaka akamwaga mboga.

Kilipoisha kusomwa, walimu wengine wangewapa watoto maswali ya ufahamu. Mwalimu hakufanya hivyo. Aliwaambia, "Haya, sasa kitoeni kitabuni." Akawagawa vikundi, kila kikundi kichague namna yake. Wiki zile shule ilikuwa vurugu. Kikundi kimoja kilichora ramani ya pori la yule binti kwenye gunia lililofumuliwa, kwa majivu, udongo mwekundu na maji ya majani, na kwa sababu hawajawahi kuona nchi ya baridi, mto wao ulikuwa na viboko. Kingine kilitunga mchezo wa baraza la wanyama, wanashtakiana nani amemruhusu binti kulala kwao. Fisi akawa mwenyekiti, na fisi huyo alikuwa anazungumza kama Mwalimu Mkuu kabisa, mpaka kukohoa kwake. Wengine walichuja maji ya dimbwi kwa mchanga na mkaa ndani ya kopo, wakamlazimisha mwalimu wa hesabu anywe. Watoto wa Kisukuma walikataa kazi zote wakasema huyo binti hana akili, angefuata nyayo za ng'ombe angefika nyumbani. Mwalimu akawaambia, "Sawa. Nionyesheni." Wakaleta ndama wa kweli darasani. Mwalimu alifundisha akiwa nje, kupitia dirishani, siku hiyo.

Kikundi cha Milembe kilijenga kibanda. Walikijenga nyuma ya ofisi, cha miti na nyasi, kimeinamia upande mmoja. Mara ya kwanza kilivuja, Mwalimu akakibomoa kwa mkono wake. Mara ya pili kilivuja kidogo, akakibomoa tena, na Milembe akarudi nyumbani analia kwa hasira. Mara ya tatu Mwalimu alimwaga ndoo nzima ya maji juu, akaingia mwenyewe chini yake na nguo zake za kazini, akatoka mkavu. Hakusema hongera. Aliwaambia, "Yule binti sasa anaweza kulala."

Mwalimu Mkuu hakupenda, na alikuwa na sababu. Mtihani wa la saba ulikuwa mwakani na shule yetu ilikuwa haifaulishi. Nilikuwepo, nilikuwa napeleka pampu ya shule, nikamsikia anamuuliza, "Mwalimu, mtihani utauliza vibanda?"

"Utauliza ufahamu, Mkuu. Na hawa wameufahamu mpaka umeanza kuchipua kwenye uwanja wako." Kweli, mvua zilikuwa zimeanza na nguzo mbili za kile kibanda zilikuwa zimetoa majani.

Siku ya wazazi watu walikuja kuangalia. Baba yangu mzazi naye alikuwepo, ameleta asali mjini. Yeye ni mrina asali wa siku nyingi, kijiji chake kiko njia ya Sitalike, na pori lile la miombo analitembea kama mimi ninavyotembea uani kwangu. Milembe akamshika mkono kumpeleka kwenye kibanda.

"Mke wangu," baba akasema, kama babu wanavyowaita wajukuu wa kike kwetu, "nyumba uliyonijengea ina mlango mdogo. Nitapita wapi na tumbo hili?"

"Wewe utalala nje, babu. Humu ni kwa waliopotea tu."

"Na mkishapotea mnangoja nini humo?"

"Tunamngoja baba."

"Baba gani? Huyu fundi wa mjini? Atapotea yeye kwanza!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu baba akamgeukia Mwalimu, na hapo hakuwa anatania. Akamwambia, "Mwalimu, kazi nzuri. Lakini huku kwetu mtu akipotea hakai. Anatafuta bonde, anateremka mpaka kwenye maji, na sisi tunaomtafuta tunakwenda huko huko kwenye maji. Ndiyo tunakutana. Hii ya kukaa, nani atakuja kumwangalia mlimani?"

Mwalimu akasema, "Mzee, mtoto ana miguu midogo na hajui pori. Akitembea anazidi kwenda mbali."

"Sikatai. Lakini sisi tutakwenda kumtafuta wapi?"

Mwalimu akavua miwani. Akasema, kwa ile sauti yake ndogo ya sokoni, "Hilo sikulifikiria. Tukifungua shule Januari, Mzee, uje uwaambie wewe mwenyewe." Baba akakubali. Wakapeana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, na niliona kila mmoja alikuwa na haki yake. Bado naona hivyo, na ndicho kinachonitesa.

Likizo ya Desemba Milembe alikwenda kwa bibi na babu yake, kama kila mwaka. Huo ndio wakati wa uyoga. Mvua zikishakolea, wanawake wa kijijini wanatoka na vikapu asubuhi kwenda miomboni, na watoto wao. Wanaojua uyoga wanajua hatari yake si sumu peke yake. Mtu anayetafuta uyoga anatembea ameinamisha kichwa. Anauona mmoja, anasogea, anauona mwingine kule, anasogea, na akiinua macho miti yote inafanana. Ndiyo maana wanaitana kila baada ya muda kidogo. Siku ile waliitana, Milembe akaitika. Waliitana tena akaitika. Halafu mvua kubwa ikapiga, wakakimbilia kila mmoja chini ya mti wake, na ilipokatika wakaita na hakuitika mtu.

Habari ilinifikia mjini kesho yake, nikapanda lori la mbao. Nilipofika baba na wanaume wa kijiji walikuwa wameshakwenda. Walikwenda kwenye maji. Walifuata kila kijito kinachoteremka kuelekea mto Katuma, wanapiga madebe, wanaita. Nikaungana nao. Tulitembea kwenye matope, kwenye vivuko, kwenye matete, tulitazama nyayo kila palipokuwa na mchanga. Baba alikuwa anatangulia. Tukimwambia apumzike anatuangalia kama tumemtukana. Siku zikapita, na mvua haikutupa nafasi.

Aliyempata ni mchungaji wa Kisukuma aliyekuwa anatafuta ndama wake juu, kwenye mwinuko wenye mawe. Hapakuwa mbali na pale wanawake walipotengana. Ni sisi tuliokuwa mbali, maana tulikuwa tumeteremka mno. Yule mchungaji aliona kwanza kipande cha kitenge kimefungwa kwenye tawi. Halafu akaona kibanda.

Milembe alikuwa ndani, ameshafariki.

Mdogo wangu ndiye aliyefika kabla yangu. Mimi na baba tuliitwa kutoka bondeni, na tulipopanda juu alikuwa ameshafungwa kwenye blanketi, na wazee wakanizuia nisifunue, kwa sababu ya zile siku za mvua. Nilitii. Mdogo wangu akaniambia mguu mmoja ulikuwa umevimba mpaka goti, una alama kwenye kisigino, na kwamba bila shaka aliumwa na nyoka. Mchungaji alisema hivyo hivyo. Mganga wa zahanati, alipoelezwa, alisema inawezekana.

Nilichokiona mimi kwa macho yangu ni kibanda. Nilirudi kesho yake kukiangalia. Kilikuwa cha miti na nyasi, kimeinamia upande mmoja. Niliingiza mkono ndani. Palikuwa pakavu.

Sasa naandika lile ambalo watu wanabishania. Wapo wanaosema Mwalimu alimuua yule mtoto kwa kitabu chake cha Wazungu. Kwamba mtoto wa Kikonongo kama sisi, mjukuu wa mrina asali, asingekaa mlimani kama jiwe. Angeteremka kwenye maji tungemkuta siku ya kwanza. Na wapo wanaosema ni nyoka, na mtu aliyeumwa mguu hawezi kuteremka popote, kitabu kiwepo kisiwepo, na kwamba angalau hakulala kwenye mvua. Nimeziweka hoja hizi mbili kwenye mizani miaka yote. Nikisema ni kitabu, nauona ule mguu. Nikisema ni mguu, najiuliza aliumwa lini. Kama aliumwa siku ya kwanza, basi alijenga kibanda kile chote na mguu ule? Kama aliumwa baadaye, basi siku ya kwanza alikuwa mzima, na alikaa kwa kupenda, anangoja. Anamngoja nani, nimeshaandika hapo juu, sitarudia.

Mwalimu alikuja msibani. Alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, mvua imemlowesha, na aliposogea kwenye turubai wanawake wote waligeuka. Shangazi yangu mmoja akasema kwa sauti, "Amekuja kuona kazi yake." Mwalimu alisimama. Hakujitetea, na hakuondoka. Alikaa chini pembeni mwa wanawake wa jikoni, akachukua sufuria lililokuwa na masizi akaanza kulisugua, na akasugua masufuria mpaka tukarudi kutoka makaburini. Wengine walisema ule ni ujeuri. Mimi nilifikiri, angefanya nini kingine? Nilimfuata nikamwambia habari ya mguu kama nilivyoambiwa. Akatikisa kichwa akasema, "Baba Milembe, unanihurumia. Usinihurumie leo."

Mama Milembe hakumwambia neno. Si siku ile wala miaka iliyofuata. Alikuwa anamwona sokoni anageuza njia. Nilipojaribu kumsemea Mwalimu, mke wangu alinikata: "Wewe una pande mbili. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa kike."

Januari shule zilipofunguliwa tulidhani Mwalimu ataomba uhamisho. Badala yake Jumamosi moja alipita mbele ya kibaraza changu akiwa amepanda baiskeli. Ndiyo siku pekee niliyomwona juu yake. Hakujua hata kukaa vizuri, magoti yametanuka, watu wanatoa macho. Alikwenda nayo mpaka kijijini kwa baba yangu, mwendo wa nusu siku, na njia ile wakati ule ilikuwa imejaa ng'ombe. Baba alinihadithia baadaye. Anasema Mwalimu alimkuta amekaa nje anasuka kamba ya kupandishia mizinga, akamsalimia, akamwambia, "Mzee, tulikubaliana Januari."

Baba akamfukuza. Mwalimu akarudi wiki iliyofuata. Baba akamfukuza tena, na safari hii, anasema, kwa maneno ambayo mwanamume hapaswi kumwambia mwalimu. Mara ya tatu baba aliinuka. Alichukua fimbo yake akamwambia mkewe ampe nauli ya lori.

Baba alizungumza na watoto shuleni mchana mzima. Aliwaeleza jinsi ya kulijua bonde kwa aina ya miti, jinsi maji yanavyosikika kabla hayajaonekana, na kwamba watu wazima watakwenda wapi kuwatafuta. Alipomaliza, mtoto mmoja akauliza lile swali ambalo kila mtu aliliogopa: "Sasa Babu, tukae au tuteremke?"

Baba, kwa jinsi ninavyomjua, alikuwa na jibu tangu azaliwe. Lakini anasema alimtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa amesimama amejibanza ukutani nyuma kabisa, ameshika miwani mkononi. Baba akawaambia watoto, "Kabla hujaingia porini, kubaliana na wenzako. Mseme mkiwa nyumbani: tukipoteana, tutakutana wapi. Hilo ndilo tulilokosa."

Hakumtupia mtu lawama mbele ya wale watoto. Nilimshukuru kwa hilo na sikuwahi kumwambia.

Kitabu Mwalimu aliendelea kukisoma, kila mwaka, kwa kila darasa. Hilo lilikasirisha watu kuliko yote, na nakiri lilinikasirisha hata mimi. Nilisikia watoto wa jirani wanasimuliana habari za yule binti nikafunga kibaraza mapema nikaenda nyumbani. Ungekuwa ni wewe ungekitia moto, si ndiyo? Lakini kila alipofika pale baba anapomwambia binti akae, alifunga kitabu, na wiki hiyo mrina asali anakuja. Baba alikwenda kila mwaka mpaka magoti yalipomkataa. Hao wawili hawakuwahi kuwa marafiki. Walikuwa wanasalimiana kama watu waliobeba jeneza moja. Kama huo ni moyo mgumu au ni moyo mkubwa, mimi wa la saba sitaamua.

Baadaye alihamishiwa upande wa Tabora. Aliondoka kimya. Baiskeli aliiacha shuleni.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimekwenda stesheni kufuata kasha langu la spoki na gololi lililokuja na treni. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, anangoja treni hiyo hiyo igeuze. Alikuwa amekuja kumwona mwalimu mwenzake mgonjwa. Nywele zilikuwa zimeanza mvi na miwani ilikuwa mipya.

"Baba Milembe," akasema.

Nikasimama. Watu wengi walikuwa wameshahamia kuniita Baba Masanja, kwa jina la mdogo wa Milembe, kwa huruma tu, na nilikuwa nimezoea. Sikuwa nimelisikia lile jina mchana kweupe kwa muda mrefu.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu."

"Nzuri. Nyie hamjambo? Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Bado hanitaki?"

"Bado," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Akasogea kidogo kwenye gunia, nikakaa. Watu walikuwa wanapakia mahindi na kuku. Tulitazama hiyo kazi. Halafu, bila kunigeukia, akasema, "Ule mguu. Uliuona wewe mwenyewe?"

Nitaandika kama ilivyokuwa. Niliona wazi kwamba nikisema ndiyo, atapanda treni ile akiwa amepungukiwa mzigo. Ni neno moja tu. Na mdogo wangu si mwongo, na mchungaji hakuwa na sababu ya kudanganya, kwa hiyo hata lisingekuwa uongo sana. Nilifungua mdomo kulisema.

"Sikuuona, Mwalimu. Alikuwa ameshafungwa. Nilizuiwa kufunua."

Mimi nikaanza kujilaumu palepale, nikaongeza maneno, kwamba mdogo wangu aliona, kwamba mganga alisema, mpaka akanishika mkono nikome.

"Afadhali," akasema. "Huku nimekutana na watu wengi. Wapo wanaojua kabisa ni mimi. Wapo wanaojua kabisa ni nyoka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Nilikuwa nachoka kutojua peke yangu."

"Hata mimi sijui."

"Haya. Basi tuko wawili."

Treni ilipiga honi kuonya. Watu wakaanza kusukumana. Nilimbebea gunia, nikalipitishia dirishani, naye akapanda, akatoa kichwa nje. "Baba Milembe, kuna kitu chake nadhani hukijui. Akipata hesabu ngumu alikuwa anavua kiatu. Kimoja tu, cha kulia. Nikisikia kiatu kinaanguka chini najua Milembe amekwama."

Nyumbani alikuwa havai viatu, alikuwa anavitunza kwa ajili ya shule. Hilo nisingeliona kamwe.

"Na akishavua, alikuwa anaipata?" nikauliza.

"Wapi! Anakosa vilevile," akasema, na akacheka kwa ile sauti ya darasani, abiria wakageuka. Treni ikaondoka akiwa bado anacheka, au nadhani alikuwa anacheka. Alikuwa ameshavua miwani na upepo ulikuwa mwingi.

Nilirudi nyumbani na kasha langu. Mama Milembe alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia, "Nimeambiwa Milembe alikuwa anavua kiatu akikwama kwenye hesabu."

Akaendelea kuchambua. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilingoja ainuke aingie ndani, kama alivyokuwa anafanya nikimtaja yule mtu. Hakuinuka. Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitazama, akalitupa.

"Viatu vyote viwili?" akauliza.

"Kimoja."

"Kipi?"

"Cha kulia," nikamwambia.